Gemu za Kariakoo: Tumelilaani Joka, Tukaikaribisha Kamari



Kwa muda mrefu sasa mimbari zetu nyingi zimekuwa zikilimaliza suala la gemu kwa sentensi moja: "Gemu zinaharibu vijana." Sentensi hiyo huja mwishoni mwa mawaidha, baada ya muziki, filamu na mavazi, kisha hufungwa kwa dua. Haiulizwi ni gemu ipi, inaharibu kitu gani, kwa njia ipi, na ni nani aliyeinunua. Matokeo yake, kijana anayeijua gemu kama anavyoujua mtaa aliozaliwa hutoka msikitini akiwa ameridhika juu ya jambo moja tu: kwamba mzungumzaji hakijui anachokizungumza. Na kijana akishafikia uamuzi huo katika suala la gemu, hachelewi kuuhamishia kwenye mambo makubwa zaidi.

Makala haya hayakuandikwa ili kuwapa vijana kibali cha kukesha mbele ya runinga. Yameandikwa kusema kwamba katika vita hivi tumepiga pasipostahili, na pale palipostahili kupigwa tumepita kimya, tena tukiwa na pochi wazi mkononi.

GEMU ZENYEWE NI ZIPI?

Anayepita Mtaa wa Aggrey au Msimbazi na kuchungulia ndani ya banda la gemu, mara nyingi atakuta mpira. Vijana wawili wamekaa mbele ya runinga, wenzao wamewazunguka wakisubiri zamu, na mechi ikimalizika aliyefungwa humpisha mwingine. Hizo ndizo gemu ambazo wazee wengi wanazifahamu.

Lakini ziko gemu za aina nyingine, ambazo haziwiki mabandani kwa kuwa hazimaliziki kwa zamu. Hizi ni gemu za kuvaa uhusika. Mchezaji hukabidhiwa mhusika mnyonge, aghalabu kijana wa kijijini au yatima, asiye na silaha wala fedha. Humtembeza mji kwa mji, akazungumza na wazee, akanunua upanga na dawa, akakusanya masahaba wa safari, akapambana na mazimwi. Kila ushindi humwongezea mhusika nguvu kwa hesabu iliyo wazi, na kila kosa lina gharama yake. Kisa hicho huchukua majuma, pengine miezi. Mwenye gemu ya namna hii huicheza nyumbani, usiku, peke yake au na nduguye, na huipenda kwa mapenzi ambayo mcheza mpira wa bandani hayajui.

Aina hii ilipata umbo lake la sasa nchini Japani. Dragon Quest ilitoka mwaka 1986 na Final Fantasy mwaka 1987, zote mbili kwa ajili ya mashine ya kampuni ya Nintendo. Mwaka 1997 Final Fantasy VII, iliyojaa CD tatu nzima, ilitolewa kwa ajili ya PlayStation ya kampuni ya Sony, nayo ikaitangaza aina hii ya mchezo duniani kote. PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000 iliuzwa kwa wingi wa ajabu: zaidi ya mashine milioni 150 kabla Sony haijaacha kuitengeneza mwaka 2013. Kariakoo, ambayo tangu zamani ni mlango wa redio, deki na simu, haikuweza kukosa kuwa mlango wa mashine hizo pia.

Tumsikilize kwanza shabiki wa gemu hizi kabla hatujamhukumu, kwani hukumu bila ya kusikiliza si katika adabu zetu. Yeye husema hivi: gemu imenifundisha Kiingereza, kwa maana maelezo yote yameandikwa na nisiposoma sisongi mbele. Imenifundisha kuweka akiba, kwa kuwa nikitumia fedha zote kwa upanga nitakosa dawa mbele ya safari. Imenifundisha subira, kwa kuwa adui mmoja anaweza kunishinda mara kumi, na mara ya kumi na moja nikaiona njia. Na imenionyesha urafiki, uhaini, kafara na toba, mambo ambayo sikuyakuta katika filamu za kupigana ngumi.

Maneno haya yana ukweli ndani yake, na ukweli haukataliwi kwa sababu ya aliyeusema. Swali tunalopaswa kujiuliza sisi walezi ni hili: kwa nini kijana yule yule anayesoma maelfu ya mistari ya lugha ya kigeni ili amwokoe binti wa mfalme asiyekuwepo, hushindwa kufungua kitabu cha dini au cha shule kwa nusu saa? Sehemu ya jibu haitupendezi. Katika gemu akikosea huambiwa ajaribu tena. Katika baadhi ya vyuo vyetu akikosea herufi hupigwa bakora na kuchekwa. Katika gemu hujua amefika wapi na kimebaki nini; katika madrasa nyingi mtoto hukaa miaka mitano bila ya yeye wala mzazi wake kujua yuko hatua gani. Tusishangae moyo ukienda unakopokelewa.

UVUMI SI HOJA

Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia walitoa fatwa ya kuipiga marufuku Pokémon, gemu ya kuvaa uhusika ya mashine ya mkononi iliyotoka Japani mwaka 1996, pamoja na kadi zake. Fatwa hiyo ilikuwa na upande mzito: kadi zile zilikuwa zikibadilishwa na kugombewa kwa namna inayofanana na kamari. Lakini si huo upande uliosambaa. Kilichozunguka katika nchi za Kiarabu ni uvumi kuhusu alama za nyota zilizomo kwenye kadi, na madai kwamba neno lenyewe la Pokémon lina maana ya siri ya kuitukuza dini nyingine. Ukweli ni kwamba neno hilo ni ufupisho wa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya madubwana ya mfukoni, wala halina siri yoyote.

Tazama kilichofuata. Mwaka 2023 kampuni ya Savvy, inayomilikiwa na Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudi Arabia, iliinunua kampuni ya gemu ya Scopely ya Marekani kwa dola bilioni 4.9. Mwaka 2025 Scopely nayo ikanunua kitengo cha gemu cha kampuni ya Niantic kwa dola bilioni 3.5, na katika bidhaa zilizokuja na ununuzi huo imo gemu ya simu ya Pokémon Go. Mwaka 2024 jiji la Riyadh lilikuwa mwenyeji wa mashindano makubwa ya dunia ya gemu. Kwa hiyo yule Muislamu wa hapa aliyejengea msimamo wake juu ya uvumi wa nyota za mwaka 2001 amebaki bila pa kusimama. Uvumi umeyeyuka, na waliodhaniwa kuwa walinzi wa lango ndio leo wenye duka.

Funzo lake ni zito. Katika fatwa ile lilikuwemo jambo la kudumu, nalo ni hofu ya kamari, na jambo la kupita, nalo ni uvumi. Sisi tukalishika la kupita na kulitupa la kudumu. Laiti tungelishika lile la kwanza, leo tungekuwa na la kuwaambia vijana wetu, kwani miaka iliyofuata ililithibitisha, kama tutakavyoona hapa chini.

JE, KISA CHA KUBUNI NI HARAMU?

Wako ndugu zetu wanaosema kwamba tatizo la gemu hizi ni ule ubunifu wenyewe: majoka, mazimwi, farasi wenye mabawa, nchi zisizokuwepo. Dalili yao ni Aya ya 6 ya Surat Luqman, inayomkemea anayenunua maneno ya upuuzi. Hatuipingi Aya, na haipingiki. Lakini isomwe kwa ukamilifu wake. Wafasiri wamemtaja An-Nadhr bin al-Harith, Mkuraishi aliyekuwa akileta visa vya wafalme wa Uajemi, visa vya Rustam na Isfandiyar, na kuvisimulia Makka ili watu wasimsikilize Mtume (SAW). Aya yenyewe imetaja kusudio: kupoteza watu na njia ya Allah (SW). Kosa la An-Nadhr halikuwa kwamba Rustam alipigana na joka. Lilikuwa kwamba kisa kilitumiwa kuwa pazia mbele ya haki. Kipimo tulichopewa, basi, ni kile ambacho kisa kinamfanyia msikilizaji wake, na kipimo hicho ni kigumu zaidi kuliko kuhesabu majoka.

Na tukumbuke riwaya iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Bi Aisha (RA) alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mabawa mawili. Mtume (SAW) alimuuliza juu ya mabawa hayo, naye akajibu kwamba Nabii Suleiman (AS) alikuwa na farasi wenye mabawa. Mtume (SAW) alicheka hadi magego yake yakaonekana. Hakumvunjia. Hakumwambia kuwa farasi hana mabawa. Mwenye kutaka kuharamisha kila kilichobuniwa na akili ya mtoto na aisome riwaya hii mara mbili.

Isitoshe, sisi watu wa pwani hii hatuna haki ya kujifanya wageni wa visa vya mashujaa. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa mwaka 1728, ni kisa kirefu cha safari ya vita dhidi ya Herekali mfalme wa Rumi, chenye beti zaidi ya elfu moja. Utenzi wa Rasi 'l-Ghuli unazidi beti elfu nne, nao umejaa mapambano, mitego, wafungwa wa kuokolewa na maadui wa kutisha ambao mshabiki yeyote wa Final Fantasy angewatambua. Wazee wetu walizisikiliza tenzi hizo usiku kucha, na wala hazikuwatoa katika dini. Bali ziliwatia hamu ya kuwajua Masahaba. Tulichokosa leo si kisa. Tumekosa mtu wa kukisimulia kwa chombo ambacho kijana wa Mtaa wa Sikukuu amekishika mkononi.

LAKINI SHABIKI ASISHANGILIE MAPEMA

Baada ya kuyasema hayo, tumgeukie shabiki mwenyewe, maana yeye naye ana hesabu ya kutoa.

Kwanza ni wakati. Final Fantasy VII huchukua saa 40 hivi kuimaliza. Persona 5, iliyotoka Japani mwaka 2016, huchukua saa 100 na zaidi. Msomaji wa kawaida humaliza juzuu moja ya Qur'ani kwa nusu saa, na hivyo Msahafu mzima kwa saa 15. Saa 100 ni zaidi ya khitma sita. Hatusemi kila saa ya burudani ni saa iliyoibiwa kwenye Msahafu. Mwili una haki yake na nafsi ina haki yake. Tunachosema ni kwamba anayedai hana wakati wa kuhitimu hata mara moja kwa mwaka, huku akiwa amemaliza gemu mbili za namna hiyo, aache kusema hana wakati. Aseme amechagua. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi hupunjika kwazo: afya na wasaa. Kijana wa miaka 18 anazo zote mbili, na soko zima la burudani limejengwa ili kumpunja.

Pili ni Sala. Katika gemu za zamani mchezaji hakuweza kuhifadhi mchezo popote alipotaka. Ilibidi afike mahali maalumu palipowekwa na watengenezaji. Hapo ndipo ulipozaliwa udhuru maarufu: adhana inasikika kutoka Msikiti wa Mtoro au Msikiti wa Idrissa, naye anajibu, "Bado kidogo, nifike mahali pa kuhifadhi." Akifika, jamaa imeshatoa salamu. Udhuru huo ulikuwa dhaifu tangu mwanzo, na leo umekufa kabisa, kwani mashine za miaka hii huweza kulazwa katikati ya mchezo na kuamshwa pale pale mchezo ulipoachwa. Anayeendelea kuutoa anajidanganya nafsi yake.

Tatu ni maudhui. Ziko gemu za aina hii ambazo ndani yake mchezaji huomba kwa masanamu, huita mizimu au hupambana na adui wa mwisho anayejiita mungu. Katika Final Fantasy X ya mwaka 2001, kisa kizima kinahusu viongozi wa dini ya uongo wanaowatawala watu kwa hofu. Mzazi anayesikia haya huweza kuruka na kuivunja CD. Ushauri wetu ni kwamba akae kwanza aulize. Mtoto aliyefundishwa kisa cha Nabii Ibrahim (AS) na masanamu ya watu wake anacho kipimo cha kuipimia dini ya uongo popote atakapoikuta, hata ndani ya gemu. Asiyefundishwa hatalindwa kwa kuvunjiwa CD moja, maana kesho atakopeshwa nyingine na rafiki yake. Penye ushirikina wa wazi, ambapo mchezaji anatakiwa auone kuwa ni mzuri na wa kuigwa, gemu hiyo iachwe, na kijana aambiwe sababu yake.

KAMARI ILIYOVAA KANZU

Sasa tufike kwenye kiini. Gemu za kuvaa uhusika za zamani zilinunuliwa mara moja. Ukishalipa, kampuni haikudai tena. Biashara hiyo imebadilika. Gemu nyingi za sasa hutolewa bure, kisha mchezaji huuziwa bahati. Analipa ili avute, kama anayevuta karatasi kutoka kwenye kapu, bila ya kujua atatoka na nini. Akitaka shujaa fulani, hawezi kumnunua kwa bei inayojulikana. Ananunua uwezekano wa kumpata.

Chukua mfano wa Genshin Impact, gemu ya Kichina iliyotoka mwaka 2020 kwa ajili ya simu, kompyuta na PlayStation 4. Kwa kila mvuto mmoja, uwezekano wa kupata shujaa wa daraja la juu ni asilimia 0.6, yaani mara sita katika mivuto elfu moja. Kampuni imeweka dhamana kwamba kufikia mvuto wa 90 utapata mmoja wa daraja hilo. Lakini huenda asiwe yule unayemtaka, na ikiwa hivyo huanza upya. Mwenye bahati mbaya kabisa hufika mvuto wa 180 kwa ajili ya mhusika mmoja wa kuchora.

Hiki ni nini, ndugu msomaji? Fedha inatoka ikiwa na uhakika, kinachokuja hakina uhakika, na matumaini ya mvuto ujao ndiyo yanayomfunga mtu. Aya ya 90 na ya 91 za Surat al-Maida zimeikataza kamari na kutaja madhara yake: kutia uadui na chuki, na kuwazuilia watu kumkumbuka Allah (SW) na kuswali. Kuna mwenye kusema kwamba hii si kamari kwa kuwa mchezaji hapati fedha mwishoni. Tunamjibu: basi yu katika hali mbaya zaidi ya mcheza kamari, kwani yule wa kawaida walau huenda akarudi na shilingi.

Wala si Waislamu peke yao walioyaona haya. Mwaka 2012 mamlaka ya kulinda walaji ya Japani, nchi ile ile iliyozizaa gemu hizi, ilitangaza kuwa aina mojawapo ya mivuto hiyo ni kinyume cha sheria. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba masanduku ya bahati yanayouzwa ndani ya gemu ni kamari, ikiwemo gemu ya mpira ya FIFA, ile ile inayojaza mabanda yetu. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani ilitangaza kwamba wenye Genshin Impact wamekubali kulipa dola milioni 20, na kwamba hawataruhusiwa kuwauzia bahati hizo walio chini ya miaka 16 bila ya idhini ya mzazi. Wasioisoma Surat al-Maida wameiona kamari ndani ya gemu, na sisi tunaoisoma bado tunalitazama joka.

Na mtoto akishazoea kuvuta bahati ndani ya gemu, nje ya nyumba anakuta mlango wa pili uko wazi. Mashine za kutumbukiza sarafu zimeenea katika vichochoro vya miji yetu. Maduka ya kubashiri matokeo ya mpira yako katika mitaa yetu, na simu ya mkononi imelifanya kila kiganja kuwa duka la kubashiri. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeweka umri wa miaka 18, lakini sheria haikai na mtoto kitandani usiku. Na hebu tujiulize kwa insafu: katika hotuba za Ijumaa za mwaka uliopita, ni ngapi zilizotaja kubashiri kwa jina lake, na kuwaambia wenye fremu Kariakoo kwamba kodi inayotokana na duka la kamari ina hukumu yake? Kumkemea mtoto ni rahisi, kwani mtoto hachangii ujenzi wa msikiti. Mwenye fremu huchangia.

NANI ALIYEINUNUA?

Mashine ya gemu haina miguu. Haikutoka Japani ikapanda ngazi hadi ghorofa ya nne ya Mtaa wa Livingstone. Ilinunuliwa, na aghalabu mnunuzi ni baba, kwa sababu anayoijua yeye mwenyewe: alitaka utulivu. Duka linafunguliwa asubuhi na kufungwa usiku, mama amechoka, uwanja wa kuchezea hakuna, na nje ni bodaboda na mikokoteni. Viwanja vya Mnazi Mmoja na Jangwani haviwezi kuwabeba watoto wote wa katikati ya jiji. Mashine ikaletwa siku ya Idi kama zawadi, na tangu siku hiyo ikawa yaya. Baba huyo huyo ndiye anayekuja kulalamika kwa imamu kwamba mwanawe haswali alfajiri. Imamu amwambie nini? Amuulize amekaa naye saa ngapi wiki hii.

Liko pia la wafanyabiashara wetu. Katika enzi za PlayStation na PlayStation 2, wako waliojenga mitaji yao kwa kuuza CD zilizonakiliwa bila ya idhini ya wenyewe, ilhali nchi ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999. Kama gemu ni haramu, kwa nini aliiuza? Na kama ni halali, kwa nini aliiiba? Hawezi kuwa na pande zote mbili, akapata faida mchana na kuitikia amin dhidi ya gemu usiku.

TUFANYE NINI?

Lawama bila ya njia ni kelele. Tunapendekeza haya:

1. Mwalimu na mzazi wajue wanachokikataza. Kabla ya kuizungumza gemu mimbarini, aitwe kijana mmoja muaminifu aeleze ndani mwake mna nini. Si aibu kwa sheikh kujifunza kwa kijana jambo la kijana.

2. Mstari uchorwe pale palipo na kamari. Gemu iliyonunuliwa mara moja na isiyo na ushirikina wala uchafu iwekewe wakati wake. Gemu inayouza bahati kwa fedha isiingie nyumbani, hata kama picha zake ni safi na inatolewa bure. Mzazi afunge njia za malipo katika simu na katika mashine.

3. Kila nyumba iwe na kanuni mbili zisizojadiliwa: adhana inasimamisha gemu, na mashine hailali chumbani kwa mtoto. Nyumba inayozisimamia hizi mbili itayapunguza malalamiko yake mengi.

4. Madrasa zijifunze kwa adui. Kampuni za gemu zinampa mchezaji zawadi ndogo akiingia kila siku, kwa kuwa zinajua kidogo kinachodumu hushinda kingi kinachokatika. Sisi tuliambiwa hayo na Mtume wetu (SAW) zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, kwamba amali inayopendeza zaidi ni ile ya kudumu ijapokuwa kidogo. Mtoto aonyeshwe hatua zake, apongezwe kwa kila sura aliyohifadhi, na bakora ipumzike.

5. Vijana wetu wenye vipaji wasaidiwe kutengeneza. Mwaka 2016 kampuni ya Kiro'o Games ya Kamerun ilitoa Aurion, gemu ya kuvaa uhusika iliyojengwa juu ya visa vya Kiafrika na kutengenezwa na Waafrika jijini Yaoundé. Kamerun imeweza. Sisi tunayo Kilwa, aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331 na kuisifia. Tunayo majahazi ya kusi na kaskazi, masultani, sarafu, misikiti ya mawe na tenzi za vita. Lakini tuonyane mapema: mwaka 2013 kampuni moja ya Saudi Arabia ilitoa gemu kuhusu nyayo za Ibn Battuta huyo huyo, na pamoja na uzuri wa wazo lake, wahakiki waliiponda kwa udhaifu wa kazi. Nia njema haiwi badala ya ufundi. Kijana hatacheza gemu mbovu kwa sababu tu shujaa wake anaitwa Muhammad.

6. Wenye majengo Kariakoo wasipangishe fremu zao kwa biashara ya kamari, na msikiti usione haya kuwaambia hivyo.

HITIMISHO

Anayecheza gemu hizi kwa miaka hujifunza kwamba adui wa kutisha zaidi hukaa mwisho wa njia, na kwamba anayemaliza nguvu zake kwa vidudu vya njiani hufika kwake mikono mitupu. Sisi tumemaliza nguvu zetu kwa majoka ya kuchora. Adui mwenyewe amekaa kwenye fremu ya kona, ana leseni, ana taa za rangi, na jina la mwanao limeshaandikwa kwenye simu yake. Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga.

Allah (SW) atuongoze sisi na watoto wetu, atupe ujuzi kabla ya kukemea, na ujasiri wa kukemea pale panapostahili.

Wabillahi Tawfiiq.